Nimetaja bei kabla ya kuijua kazi

SWALI: Ninatengeneza tovuti kwa kujitegemea hapa Dodoma. Hivi karibuni mzee mmoja mwenye shamba la zabibu na kiwanda kidogo cha mvinyo upande wa Hombolo alinipigia simu kuuliza tovuti ni shilingi ngapi, nami nikamtajia bei papo hapo. Sasa anataka wateja waagize na kulipa kwa simu, anataka na kurasa za Kiingereza, na mwanawe aliyeko Dar es Salaam naye ana mapendekezo yake. Bei ni ileile. Nilipaswa kumuuliza nini, na nimuulizeje mtu mzima bila kuonekana ninamhoji? – Msomaji, Nkuhungu.

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako hakukulaghai. Aliposema tovuti, huenda yeye aliona chupa zake zikiagizwa kutoka Arusha, wakati wewe uliona kurasa chache zenye picha na namba ya simu, na kila mmoja akaridhika na bei ya kitu alichokiona peke yake.

Mteja wa namna hii usimwulize habari za tovuti. Muulize habari za biashara yake: wanunuzi wake ni akina nani, wanampataje, na wakipiga simu huuliza nini kwanza. Nenda kiwandani, umwamkie, umwombe akuonyeshe kazi, kisha umwombe daftari la oda. Humo utakuta jina la mnunuzi, namba ya simu, idadi ya chupa, stendi ya kushushia mzigo, na pengine safu ya madeni. Safu hizo ndizo fomu utakayotengeneza, na ile ya madeni itakuambia kwamba anawauzia baadhi ya watu kwa mkopo, jambo ambalo usingelijua kwa simu na ambalo linabadilisha kabisa namna ya kupokea oda. Hakuna mzee atakayeona anahojiwa na kijana anayetaka kuijua kazi yake.

Kwenye malipo usikubali neno "walipe kwa simu" likapita hivihivi. Mnunuzi kulipa kwa Lipa Namba iliyoandikwa kwenye ukurasa, kisha mzee akathibitisha mwenyewe, ni kazi ndogo. Tovuti kupokea malipo na kuyatambua yenyewe ni kazi nyingine: inahitaji makubaliano na kampuni ya malipo, nyaraka za usajili wa biashara na namba ya mlipakodi, makato kwa kila muamala, na majaribio mengi kabla ya kufungua milango. Na kama wanunuzi wake wakubwa ni hoteli zinazochukua makasha na kulipa benki, huenda hahitaji lolote kati ya hayo, na ni uungwana kumwambia hivyo.

Kitu kinachochelewesha kazi nyingi za tovuti, kwa maoni yangu, ni maandishi na picha. Uliza nani ataziandaa na lini. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo mzee akitaka picha za vichala vikiwa bado shambani na mkataba ukasainiwa baada ya mavuno, mtasubiri msimu mwingine. Kurasa za Kiingereza nazo zina gharama inayoendelea, kwa sababu kila badiliko la bei au bidhaa litafanywa mara mbili.

Kuhusu yule mwana, swali moja la heshima lingetosha: "Mzee, kuna mwingine ungependa aione kazi hii kabla hatujaanza?" Akitajwa, awepo kwenye simu siku hiyohiyo.

Anayekubana kwa simu umwambie ni siku gani utamletea bei kwa maandishi. Mimi sishauri kutaja "kati ya kiasi hiki na kile", kwa kuwa mteja hushika kile cha chini. Kazi ikiwa kubwa, tafuta malipo ya uchambuzi peke yake, yaani ya kuichunguza kazi na kuiandika kabla ya kuitengeneza, na andiko utakalotoa liwe mali ya mteja hata akiamua kumpa mwingine kazi. Bei yenyewe iandamane na kurasa moja au mbili za Kiswahili atakazozisoma mwenyewe: kitakachofanywa, kisichofanywa, marekebisho ni mara ngapi, na nyongeza zitatozwaje. Mteja akiwa kampuni au taasisi, uliza mapema kama atakata kodi ya zuio, yaani kodi anayoizuia kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini, ambayo kwa ada za huduma ni asilimia 5.

Kwa mzee huyu, timiza mliyokubaliana kwa bei ileile, kisha mwekee kila nyongeza na bei yake, yeye na mwanawe wachague.

SWALI: Mteja ameniachia kila kitu, hata jina la tovuti lenye .co.tz. Je, ni sawa nikilisajili kwa jina langu ili kazi iende haraka? – Msomaji, Makole.

JIBU: Hapana. Lisajiliwe kwa jina la mteja, kwa barua pepe anayoifungua yeye, kupitia msajili aliyeidhinishwa wa majina ya .tz. Muulize pia nani atalipia jina hilo na nafasi ya kuhifadhi tovuti kila mwaka, na gharama hizo uziandike kando ya ada yako. Fomu zako zikikusanya majina na namba za wanunuzi, mweleze kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye mwenye biashara, na mkubaliane nani atazitunza taarifa hizo kabla hujaandika bei.