Kitako kwanza: ushauri kwa wanaoanza kulenga shabaha kwa bunduki ya .22

Wanaoanza kulenga shabaha kwa .22, bunduki ya risasi ndogo ya inchi 0.22, wawe Nakuru, Kisumu au Kakamega, huwa na haraka ya kununua darubini kubwa zaidi na risasi ghali zaidi. Vyote viwili vina wakati wake. Lakini matundu yakitawanyika kwenye karatasi bila mpango, anza kukagua kitako, yaani ile mbao au plastiki nzima inayobeba mtutu na mtambo (chuma chenye bolti na triga), kuanzia inaposhikwa na mkono wa mbele hadi inapogusa bega. Kitako hakimfundishi mtu kulenga. Kazi yake ni kuhakikisha kila risasi inatoka bunduki ikiwa imekaa vilevile ilivyokaa risasi iliyopita.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 50, duara la kumi lina kipenyo cha mm 10.4. Mtutu wa urefu wa sm 65 ukiinama kwa mm 0.1 tu, unene wa karatasi, risasi inahama karibu mm 8 kufikia mita 50. Ulikuwa katikati ya kumi, sasa uko ukingoni mwake. Tena risasi ya .22 haina mbio: nyingi za mashindano hutoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde, kwa hiyo hukaa ndani ya mtutu muda mrefu kuliko risasi za bunduki kubwa. Muda huo wote bunduki inasukumwa nyuma, na ikiwa mtambo umelegea ndani ya mbao au shavu halijakaa sawa, risasi inatoka ikiwa tayari imepotoshwa.

Kabla ya kushika bisibisi, sheria. Bunduki ya .22 ni silaha kamili chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na inahitaji cheti cha Bodi ya Leseni za Silaha kama nyingine yoyote. Haiachwi kwa seremala, haipelekwi kwa mafundi wa jua kali, haiazimwi jirani hata kwa dakika kumi. Ukihitaji kibao cha kuongezea urefu, chora umbo lake kwenye kadibodi, tia vipimo, umpelekee seremala hiyo kadibodi peke yake. Kazi ya kuchimba mbao au kugusa triga ni ya fundi wa silaha mwenye leseni. Na kila unapoanza kazi nyumbani: toa magazini, fungua bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, tazama chemba, mahali risasi inapokaa, kwa macho na uipapase kwa kidole, kisha ondoa bolti kabisa. Risasi zikae chumba kingine.

Sasa kazi. Kitako kina maungio mawili: pale chuma kinapokutana na mbao, na pale mbao inapokutana na mwili wako. Tengeneza la kwanza ndipo uguse la pili. Wengi hufanya kinyume, wanahangaika na egemeo la shavu wiki baada ya wiki huku skrubu ya chini imelegea.

Skrubu zinazofunga mtambo kwenye kitako huwa moja, mbili au tatu kulingana na bunduki. Nguvu ya kuzikaza hupimwa, haikisiwi. Kwa kitako cha mbao kisicho na vibomba vya chuma ndani, anzia Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 1.7 hadi 2.3. Chenye vibomba vya alumini kinabeba zaidi. Anschütz za mashindano, bunduki za Kijerumani, hukazwa kwa Nm 5. Kama kitabu cha bunduki yako kinasema tofauti, fuata kitabu. Tafuta bisibisi yenye kipimo cha nguvu, au spana ndogo ya kupimia wanayotumia mafundi wa baiskeli za mbio, mradi kipimo chake kishuke hadi Nm 2. Ukikaza kwa nguvu za mkono tu, mbao hubonyea chini ya skrubu, na baada ya wiki chache inalegea tena. Halafu unakaza zaidi, inabonyea zaidi, mpaka mtambo unaanza kupinda ukifuata umbo la mbao.

Utaratibu wa kukaza ni huu. Simamisha bunduki wima, kitako kikiwa chini juu ya zulia, ili uzito uvute mtambo nyuma ukae kwenye kizuizi chake, lile jino la chuma linaloushikilia usisukumwe nyuma. Ingiza skrubu zote kwa vidole hadi ziguse. Kaza ya mbele nusu ya kipimo, ya nyuma nusu, kisha rudi umalizie ya mbele na ya nyuma. Weka alama nyembamba ya rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Siku alama hizo mbili zikiachana, utajua skrubu imezunguka bila kubahatisha.

Kisha pima kama mtambo umelala vizuri. Weka ncha ya kidole pale mwisho wa mbele wa kitako unapokaribiana na mtutu, kidole kikigusa vyote viwili. Kwa mkono mwingine legeza skrubu ya mbele polepole, halafu uikaze tena. Ukihisi mtutu unainuka na kushuka, mtambo umelala vibaya, na kila unapokaza unaupinda. Mwenye saa ya kupimia, ile ya mafundi wa injini, aifunge kwenye mtutu na ncha yake iguse kitako: mwendo usiozidi mm 0.05 unakubalika, ukizidi hapo kuna kazi ya kufanya.

Chukua pia noti ya shilingi mia, ikunje mara mbili, uipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele kurudi kwenye mtambo. Ikikwama mahali, hapo mbao inagusa chuma. Bunduki nyingi hulenga vizuri zaidi mtutu ukiwa huru, nafasi ya milimita moja hadi moja na nusu pande zote. Zipo zinazokataa. Ruger 10/22, bunduki ya Kimarekani yenye skrubu moja tu, mara nyingi huhitaji mtutu uegemee kitu, na mitutu myembamba mingine hutulia ikipata mguso mdogo karibu na ncha ya kitako. Jaribu kwa kipande cha kadi chini ya mtutu kabla hujamwambia fundi achonge, maana mbao ikishatoka hairudi.

Hapa hali ya hewa yetu inaingia, nasi tunasisitiza kwa sababu miongozo mingi iliandikiwa nchi za baridi. Mbao hunywa unyevu. Kitako kilichokauka Nakuru mwezi wa Februari kikipelekwa Kisumu kando ya ziwa, au kikikaa Kakamega wakati wa mvua ndefu, huvimba. Nafasi uliyoipima kwa noti inafungwa upande mmoja, na bunduki iliyokuwa ikipiga katikati inaanza kupiga kando bila mtu kuigusa. Dawa yake si kuhamisha darubini kila mwezi. Fungua kitako uangalie ndani: mara nyingi kiwanda kimepaka vanishi nje tu, na mfereji wa mtutu, matundu ya skrubu na mwisho wa mbao chini ya kibao cha bega vimeachwa vikavu. Mwisho huo, penye nyuzi zilizokatwa, ndio unaokunywa maji kuliko sehemu yoyote. Paka vanishi ya polyurethane tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa kabla ya inayofuata. Usipake mahali mtambo unapoketi, kwa sababu tabaka la vanishi hapo hubadilisha kimo.

Mtambo ukiwa unacheza, ulazwe upya kwa gundi ya epoksi yenye unga wa chuma. Mwachie fundi mwenye leseni kama hujawahi, lakini ujue hatua zake ili uweze kumuuliza maswali. Chuma chote kitakachokaribia gundi hupakwa nta. Rangi ya viatu ya Kiwi isiyo na rangi inafaa, tabaka mbili, kila moja ikisuguliwa. Matundu ya skrubu na kila shimo la mtambo hujazwa udongo laini wa kuchezea watoto. Ni hatua inayorukwa na wenye haraka, kisha gundi inaingia kwenye shimo, inaganda, na mtambo hautoki tena bila kupasua mbao. Kile kizuizi cha mtambo, kwa bunduki iliyo nacho, huzungushiwa utepe wa umeme mbele, pembeni na chini, uso wa nyuma ubaki wazi, ili baadaye uguse gundi kwa uso huo mmoja tu. Mtutu huzungushiwa utepe karibu na ncha ya kitako ukae katikati ya mfereji. Gundi huwekwa chini ya mtambo na si zaidi ya sm 3 au 4 chini ya mtutu. Skrubu zishikilie tu, zisikaze: ukikaza, utagandisha ule upindaji uliokuwa ukijaribu kuuondoa. Gundi inayofurika hufutwa kwa kitambaa chenye siki ingali mbichi. Halafu saa 24 bila kugusa, na kwa usiku wa baridi wa Njoro au Molo ongeza siku nzima, kwani epoksi hugoma kukauka joto likishuka.

Wenye kitako cha plastiki nyepesi wasihangaike na gundi; haishiki vizuri kwenye plastiki nyingi. Tatizo la vitako hivyo ni kunyumbuka. Mkanda wa mkono, ule unaounganisha bunduki na mkono wa mbele, ukivuta, ncha ya mbele inapinda na kugusa mtutu, na risasi zinafuata upande wa mvuto. Hapo tafuta kitako kingine.

Ungio la pili ni mwili. Anza na urefu, kutoka triga hadi kibao cha bega. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya mm 330 na 350, lakini usinunue namba, tazama mkono. Shika kishikio, kiganja kikiwa kimenyooka na kifundo hakijapinda, ncha ya kidole cha shahada ikae katikati ya triga bila ubavu wa kidole kugusa mbao. Kitako kikiwa kirefu, utajinyoosha na kuvuta triga kwa pembeni, matundu yataelekea kushoto au kulia. Kikiwa kifupi, uso unakaribia mno darubini na shingo inajikunja. Vibao vya mm 5 vinavyowekwa kimoja kimoja chini ya kibao cha bega ndiyo njia rahisi ya kufikia urefu wako.

Egemeo la shavu lina kipimo kimoja cha kweli. Weka bunduki begani, funga macho, laza shavu kwa uzito wa kichwa chenyewe bila kukandamiza, pumua mara mbili, fungua jicho. Ukiona picha kamili ndani ya darubini bila kuinua wala kusukuma kichwa, umefika. Ukiona kivuli cheusi kama mwezi upande wa chini, jicho liko chini mno, ongeza kimo. Kikiwa juu, punguza. Kwa majaribio kata soli ya ndara ya mpira, ifunge kwa utepe, chonga kidogo kidogo. Ukishapata kimo ndipo utengeneze egemeo la kudumu. Kimo kibaya hakichoshi shingo tu. Jicho lisipokuwa kwenye mstari mmoja kila mara, msalaba wa darubini huonekana kuhama juu ya shabaha ingawa bunduki haijahama, na utalaumu risasi.

Kibao cha bega kinapaswa kugusa bega kwa upana wake wote. Ukilala kifudifudi huhitaji kuwa juu kidogo kuliko ukisimama, kwa hiyo anayefanya mikao yote aandike kimo cha kila mmoja. Kizuizi cha mkono wa mbele kisogezwe mpaka mkanda unakaza bila kukata damu. Ukiona msalaba unaruka kwa mapigo ya moyo, mkanda umebana mno au umepanda juu ya mshipa wa mkono.

Kupima mabadiliko ndipo wengi wanapopoteza risasi, na cheti chako kina kikomo cha risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Badilisha kitu kimoja tu kwa kila kipimo. Boksi moja lina risasi 50: tumia kumi za kwanza kuchafua mtutu kama ulikuwa umesafishwa, kisha piga makundi ya tano tano juu ya mifuko ya mchanga, kila kundi kwenye shabaha yake. Kundi moja zuri halithibitishi kitu. Nenda asubuhi mapema, kwa kuwa Kisumu upepo wa ziwa huingia mchana, na Nakuru vumbi la alasiri linakuambia upepo ulipo.

Soma karatasi kwa makini. Makundi mawili madogo yaliyotengana, risasi zikirukaruka kati yake, ni skrubu iliyolegea, mtambo usiolala vizuri au vifungo vya darubini. Mstari wa juu hadi chini ni pumzi, bega linaloteleza au tofauti za mwendo wa risasi zenyewe. Mstari wa pembeni ni upepo, kidole au bunduki iliyoinama upande. Kundi linalopanda kadiri mtutu unavyopata joto ni mtutu unaogusa mbao. Rudi kwenye ile noti ya shilingi mia.

Makundi yako ya tano yakishafika mm 15 hadi 20 kwa mita 50 na kubaki hapo msimu wa mvua na wa jua, acha kukigusa kitako. Pesa iliyobaki nunua maboksi machache ya aina tofauti, chagua moja inayopendwa na mtutu wako, na ukirudi dukani soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi ili uchukue ileile.