Brauza Imegoma, Nihamie Ipi?

Mwezi huu maswali ya brauza, hizi programu za kufungulia tovuti kama Chrome, yamemiminika, sijui kumetokea nini, na karibu yote yanamalizikia palepale, "sasa nihamie brauza gani?" Nimechukua machache na yanayofanana nimeyaunganisha. Msimamo wangu mtauona mbele ila niseme mapema tu, kuhama ni dakika tano, kazi iko kwenye kujua mkosaji ni nani, brauza, mashine yako au ile tovuti yenyewe, maana usipojua unahama na tatizo lako mkononi.

Kaka habari za kazi. Nina desktopu ya zamani ya Windows 7 hapa dukani, ndo nafanyia kazi za wateja, kujaza fomu za maombi, kuprinti, mambo ya TIN. Kila asubuhi nikifungua Chrome inakataa karibu kila tovuti, inaleta alama nyekundu inasema muunganisho sio salama. Fundi kasema ni virusi, kapiga Windows upya nikamlipa, siku mbili tu imerudi vilevile. Jirani ananiambia niweke Firefox. Niweke? (Mama wa steshenari, Msamvu, Morogoro)

Mama, Firefox tutaifikia, ila kwanza angalia kona ya chini kulia ya kioo pale penye saa, na usiishie kwenye saa, bonyeza uone na mwaka. Nakuambia hivyo kwa sababu ya maneno yako mawili, "kila asubuhi" na "karibu kila tovuti". Tovuti zote haziwezi kuharibika kwa pamoja halafu zipone saa nne. Sasa kwenye ule ukurasa wa alama nyekundu, chini kidogo kuna maandishi madogo ambayo watu hawayasomi, nina uhakika kwako yatakuwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na hilo DATE lililojificha katikati ndo linalokuambia ukweli wote, ni tarehe.

Iko hivi. Kila tovuti salama ina cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, brauza inakipokea inakilinganisha na saa ya kompyuta yako. Kompyuta ikiwa inaamini tuko mwaka 2009, cheti kilichotolewa mwezi uliopita kwake yeye bado hakijaanza kazi, anakikataa, na anakataa vyote. Na vyeti vya siku hizi sio vya miaka kumi, Let's Encrypt wanaotoa bure kwa mamilioni ya tovuti wao kwa kawaida wanatoa vya siku 90, kwa hiyo hata saa ikipotea kwa miezi michache tu umekwama.

Saa inapoteaje? Ndani ya kompyuta kwenye ile madabodi kuna kabetri ka duara kamelala bapa, kameandikwa CR2032. Hako ndo kanashikilia saa wakati umeme haupo. Wewe jioni ukifunga duka unazima swichi ya ukutani, si ndiyo? Basi kabetri kamekufa, asubuhi saa inaanza upya kutoka mwaka wa zamani huko, mchana mtu anairekebisha kila kitu kinatulia, kesho tena. Windows angeipiga hata mara mia isingesaidia kwa sababu Windows haihusiki kabisa na betri, na huyo fundi alitakiwa alijue hilo, hii ndo moja ya kesi za kawaida kabisa kwenye desktopu za zamani.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme kabisa, fungua kava la pembeni, kuna kibanio kidogo cha chuma pembeni ya betri, kisukume kwa ncha ya bisibisi betri itaruka yenyewe, chukua uende nayo dukani wakupe ya namba ileile, haifiki hata bei ya rimu ya karatasi. Ya kurudishia hakikisha upande wenye alama ya kujumlisha unaangalia juu kwako. Washa, weka tarehe sahihi, na kwenye majira chagua Nairobi, hiyo ndo imeandikwa kwenye Windows kwa huku kwetu, Dar usiitafute humo. Ukiweka Firefox bila kubadili betri itakugomea kwa sababu ileile, na yenyewe inasoma saa hiyohiyo.

Ila jirani hajakosea sana. Windows 7 Microsoft waliiacha Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayokubali kukaa humo ni namba 109 ya Januari 2023, haitapata apdeti nyingine, na kadiri siku zinavyokwenda utakutana na tovuti zinazokuambia brauza yako imepitwa. Mozilla, wenye Firefox, waliwavumilia watu wa Windows 7 zaidi, wana toleo linaitwa Firefox ESR 115 ambalo waliendelea kulitilia viraka vya usalama muda mrefu baada ya wenzao kufunga mlango. Hilo litakusogeza. Lakini wewe unajaza taarifa za watu humo, namba za vitambulisho, paswedi zao, mimi ningekushauri mashine hiyo ihamie kabisa Linux Mint, ni mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, unaiwasha kutoka kwenye fleshi bila kufuta kitu uone kwanza kama printa yako inaitambua, ikiitambua ndo unaisimika.

Na hili hukuuliza, nakupa nyongeza tu: mteja akitaka kuingia kwenye akaunti yake mfungulie dirisha fiche (incognito), kwenye Chrome ni Ctrl, Shift na N kwa pamoja, akimaliza funga madirisha fiche yote, sio hilo moja. Steshenari nyingi ukikaa kwenye kiti unakuta imeli ya mtu wa juzi iko wazi inakusubiri.

Bro, simu yangu inaleta matangazo machafu na meseji za "simu yako ina virusi 13" hata nikiwa sijafungua Chrome. Nimejaribu kuitoa Chrome inakataa kutoka. Niweke brauza gani haina virusi? (Kijana wa Likoni, Mombasa)

Hakuna virusi hapo, kuna ruhusa uliyoitoa mwenyewe. Siku moja ulikuwa unatafuta mechi ya bure au muvi, tovuti ikakuambia bonyeza kuruhusu ili uone video, ukabonyeza. Kile hakikuwa cha video, uliiruhusu ikutumie arifa, na arifa zinakuja hata brauza ikiwa imefungwa, ndo zilivyotengenezwa. Tangazo likija tena usilibonyeze, lishikilie kwa kidole mpaka litoe machaguo, utaona na jina la tovuti inayolituma, zima hapohapo. Halafu ingia Chrome, Mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, utakuta orodha ya majina ya ajabuajabu umeyakaribisha wewe, toa yote. Ukimaliza washa ile inayozuia tovuti zisikuombe tena. Na ile programu ya "kusafisha virusi" waliyokupeleka kuidaunlodi kama uliiweka, hiyo ndo ya kutoa leo leo. Chrome iache, kwenye simu nyingi za Android inakuja na simu, unaweza kuizima tu.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, natumia Opera Mini miaka yote kwa sababu ya bando. Nimejaza maombi yangu mtandaoni mpaka mwisho, kitufe cha kutuma nabonyeza hakifanyi kitu, picha ya pasipoti nayo haipandi, na dedilaini inakaribia. Ni mtandao wao au simu yangu? (Dodoma)

Marahaba. Sio mtandao wao safari hii na sio simu yako, ni Opera Mini, na hapa ntakaa kidogo kwa sababu watu wengi sana mnaitumia na mnaipenda, kwa haki kabisa, bila kujua inafanya nini.

Opera Mini imeanza 2005, kipindi cha simu za batani, na akili yake ni moja: simu yako haifungui ukurasa. Wewe unaandika anuani, ombi linakwenda kwenye seva za Opera, seva ndo inaufungua ukurasa, inaubana, inashusha picha ubora, halafu inakutumia kile kilichobaki. Ndo maana MB zinadumu. Sasa kwenye gazeti au matokeo hiyo ni raha tupu, unasoma unasonga mbele. Lakini fomu ya maombi ni ukurasa unaofanya kazi muda wote, unakagua namba yako ukiwa unaandika, unapandisha picha, unafungua kisehemu kipya ukichagua mkoa, na hayo yote yanatakiwa kufanyika kwenye simu yako pale. Seva iko mbali, inaendesha kidogo halafu inaacha, wewe unabaki na kitufe kilichokufa. Ndo hicho unachokibonyeza.

Kwenye ile hali yake ya kubana kupita kiasi kuna jingine, ukurasa unapita ukiwa wazi kwenye seva hizo kabla ya kukufikia, hata ule wenye kufuli. Sisemi kwamba wanakusoma, nasema ndo mfumo ulivyo, kwa hiyo mambo ya benki na paswedi usifanyie huko. Hali hiyo unaweza kuizima ndani ya Opera Mini yenyewe, na wakati mwingine kitufe kinafufuka, jaribu kama huna namna nyingine usiku huu. Ila njia sahihi ni kufungua fomu kwenye Chrome au Firefox, mara moja, ukishatuma urudi kwenye Opera Mini yako. Na kabla ya kuanza piga picha ya kila ulichojaza, fomu zingine zinaanza upya. Picha ikikataa na huko, soma wanataka KB ngapi, hilo sasa sio la brauza.

Bando je? Zamani Chrome ya simu ilikuwa na kibanio chake cha data, Google wakakiondoa 2022, usihangaike kukitafuta. Siku hizi kinachokula MB kwa kiasi kikubwa ni matangazo na video zinazojichezea zenyewe, kwa hiyo Firefox ya Android uiwekee kizuia matangazo kinaitwa uBlock Origin, au kama hutaki kuhangaika kuweka kitu chukua Brave ambayo inazuia matangazo tangu siku ya kwanza. Haitafika ubanaji wa Opera Mini lakini kurasa zitafanya kazi.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Chrome inaganda, nikahamia Edge, ikaganda, nikaenda Opera, sasa niko Brave na kuna tovuti ya kazi inagoma kote huko. Imebaki ipi? (Tabata, Dar)

Ndugu yangu hujahama popote, umebadilisha chumba ndani ya nyumba moja. Edge tangu Januari 2020 inatumia injini (ile sehemu ya ndani inayosoma na kuchora ukurasa) ya Chromium, hiyohiyo ya Chrome, Opera walishaingia huko 2013, Brave na Vivaldi ndo usiseme. Tovuti ikigoma Chrome kwa sababu ya injini itagoma kote ulikopita. Kipimo cha kweli ni Firefox, yenyewe ina injini yake inaitwa Gecko, kwa hiyo fungua hiyo tovuti huko: ikikubali, umepata jibu, ikigoma na huko, wapigie wenye tovuti.

Kabla ya hapo lakini ifungue kwenye dirisha fiche. Huko ekstensheni, vile vijiprogramu unavyoongeza kwenye brauza, zinakuwa zimezimwa, usipokuwa umeziruhusu mwenyewe, na kuki za zamani, kumbukumbu ambazo tovuti zimeacha kwenye brauza, hazipo. Ikifunguka vizuri basi mkosaji ni kitu ulichokiongeza wewe, nenda chrome://extensions uzime moja moja, na kwenye Brave anuani hiyohiyo inakubali. Kuna watu wana ekstensheni za kushusha video tatu, za kuponi, VPN ya bure, halafu wanalaumu RAM.

Kuhusu kuganda, ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, inatokea orodha ya kila ukurasa na unakula memori kiasi gani, ipange kwa memori. Ukishaona nani anakula nusu ya mashine hutahitaji ushauri wangu. Washa na kiokoa memori kwenye mipangilio ya utendaji, kinalaza kurasa ambazo huzitumii. GB 4 ni ndogo kwa leo, Firefox haitafanya miujiza hapo, nani kakwambia ni nyepesi kivile, ila mimi bado ndo ningekaa huko, hasa kwa kuwa Chrome wameshaifungia uBlock Origin yenyewe na Firefox inaendelea nayo.

Ukihama hamisha na paswedi. Unaziekspoti zinatoka kwenye faili la CSV, na faili hilo halina kufuli lolote, mtu yeyote akilifungua anazisoma kama barua. Ukishaziingiza upande wa pili lifute, na kwenye pipa la taka pia lifute, usijitumie WhatsApp "ili lisipotee".

Safari ya iPhone inashindwa kufungua tovuti moja ya shule, nimeweka Chrome na Firefox nazo zinashindwa vilevile. Kwa hiyo tovuti ni mbovu? (Mwalimu, Zanzibar)

Mwalimu, kwenye iPhone hujapima bado. Apple wamelazimisha brauza zote za huko zitumie injini ya Safari, WebKit, iwe imeandikwa Chrome au Firefox juu ya ikoni. Umoja wa Ulaya ndo waliwabana mpaka wakalegeza kwa watu wa kwao Machi 2024, sisi huku bado. Ijaribu kwenye laptopu au Android ya mwenzako. Ikifunguka, rudi kwenye iPhone, Mipangilio, Safari (kwenye iOS mpya iko ndani ya Apps), shuka chini kabisa penye Advanced, ndani kuna data za tovuti, tafuta jina la hiyo shule ufute ya kwake tu. Ukifuta zote utatolewa kwenye kila akaunti uliyoingia, na jioni utaniandikia swali jingine.