Maswali na majibu: Mkono wa salamu kwa asiye maharimu

Ustadhi, nina usaili wa kazi huku Sweden. Nisipompa mkono meneja mwanamume itakuwaje? (Dada, Malmö)

Usiende na hofu, dada yangu. Farah Alhajeh, dada Mwislamu wa huko huko Sweden, alikwenda Uppsala kuomba kazi ya ukalimani. Mwanamume alipomnyooshea mkono, yeye aliweka wake kifuani na kueleza kwamba ni kwa ajili ya dini yake. Usaili ukakatizwa palepale. Mwaka 2018 Mahakama ya Kazi ilisema amebaguliwa, na kampuni ikatakiwa kumlipa kroni 40,000. Zingatia alivyojieleza: wanaume na wanawake wakiwa pamoja, huwasalimu wote kwa namna moja ili asiwepo wa kujiona ametengwa. Nawe fanya hivyo. Ukiingia tu, kabla mtu hajanyoosha mkono, weka wako kifuani na useme jina lako kwa uchangamfu. Wengi huharibu kwa kusubiri mkono unyooshwe ndipo waurudishe wao nyuma.

Binamu yangu wa kike si kama dada? Tumekua pamoja.

Si maharimu, yaani si jamaa ambaye ndoa naye ni haramu daima. Unaweza kumwoa kesho, basi unauliza nini? Swali hili linaletwa kila mara, na laiti waulizaji wangesoma Suratun Nisaa aya ya 22 hadi 24, wamo wote walioharamishwa. Shemeji naye hayumo miongoni mwa maharimu wa kudumu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya jamaa wa mume kuingia kwa mke alijibu: "Huyo ni mauti," yaani hatari yake ni kubwa. Leo mtu anamnyima mkono mwalimu wa mtoto wake kwa kuwa si Mwislamu, kisha harusini anakumbatiana na mashemeji mbele ya kamera. Hiyo si dini. Anza nyumbani kwako.

Mimi ni Mkristo, nafanya kazi benki Mombasa. Mteja aliukataa mkono wangu, akageuza uso. Amenidharau? (Bi. wa Nyali)

Kuuacha mkono si dharau. Bibi Aisha amesimulia kwamba mkono wa Mtume haukugusa kamwe mkono wa mwanamke aliyekuja kumpa baia, yaani kiapo cha utii. Aliipokea kwa maneno. Wayahudi wengi washika dini nao hawapeani mikono na wasio wa jinsia yao. Lakini kugeuza uso ni utovu wa adabu, na hapo hakuna hadithi ya kumtetea. Alitakiwa akusalimu, akujulie hali, akueleze kwa upole. Nakuomba radhi kwa niaba yake.

Udhu unatenguka?

Kwa madhehebu ya Shafi, ndiyo, ngozi ikigusana na ya asiye maharimu. Tawadha.

Jirani yangu ajuza asiye Mwislamu hunipa mkono kila asubuhi.

Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wameruhusu kwa mkongwe asiyetamanisha. Mpokee bibi wa watu. Ila ruhusa hiyo usiihamishie kwa mjukuu wake.

Nasubiri uraia wa Denmark. Nikivaa glavu kwenye hafla? (Kaka, Aarhus)

Haitakufaa. Tangu 2019 sheria yao inataka anayepewa uraia apeane mkono na afisa katika hafla, kiganja kwa kiganja, bila glavu. Ufaransa nako, mwaka 2018, mahakama ya juu ya mambo ya utawala ilikubali mwanamke wa Kialjeria anyimwe uraia kwa kukataa mkono wa maafisa katika hafla. Mimi naona ni dhuluma kumlazimisha mtu aguswe ndipo aitwe raia, lakini usingoje siku ya hafla ndipo ubishane. Iandikie manispaa sasa, uombe kupokewa na afisa mwanamume.