Mama anasema "lolote utakaloona mwanangu", je nimhamishie Marekani?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Mimi mzaliwa wa Mombasa lakini niko Minneapolis mwaka wa 14 sasa na nishachukua uraia wa huku. Babangu alifariki mwaka jana, mama ashamaliza eda, ana miaka 71 na ana sukari na presha, anaishi Old Town na msichana wa kazi, na kakangu yuko hapo hapo Mombasa humpitia kila siku. Nataka kumleta mama akae na mimi na mume wangu na watoto. Kaka anasema namng'oa mama kwao, na mama mwenyewe nikimuuliza anajibu tu "lolote utakaloona mwanangu". Je ni wajibu wangu kumleta? Alafu kuna mtu kanishauri tumchukulie viza ya matembezi akifika asirudi, eti ndio njia ya haraka. Na je gharama naweza kuzitoa kwenye zaka yangu? Ustadh silali.

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu, Allah amrehemu babako na akutulizie moyo. Ya viza na zaka ntakujibu, lakini acha nianze na hilo neno la mama, manake naona wewe umelichukua kuwa ni ndio, kakako kalichukua kuwa ni hapana, na mama mwenyewe bado hajasema kitu.

Mtume (S.A.W) ametufundisha kwamba mwari akiposwa kunyamaza kwake ndio idhini yake, lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka ashauriwe na atamke. Hiyo ni hukumu ya ndoa na siifanyi hukumu ya safari, ila adabu iliyomo ndani yake inatufaa hapa, mtu mzima huulizwa mpaka aseme. Mama zetu wa pwani wamelelewa wasimkatalie mtoto, hasa mtoto aliye mbali na anayetuma matumizi, na wengi wakisema lolote utakaloona wanamaanisha naogopa kukuvunja moyo. Wengine wanamaanisha natamani kuja lakini sitaki kuwa mzigo kwa mumeo. Wewe utajuaje ni lipi kama hukumkalisha ukamuuliza vizuri?

Sasa ile aya tunayoisoma sote, Suratul Israa aya ya 23, Allah anasema mmoja wa wazazi akifikia uzee "indaka", yaani naye yuko kwako, basi usimwambie hata ah. Watu wengi wa ughaibuni wanalishika hilo neno "kwako" na linawatesa, wanaona kama mama hayuko nyumbani kwao basi wameshaivunja aya. Si hivyo dada yangu. Wafasiri wamelieleza kuwa ni uzee wake uwe chini ya uangalizi wako, mzigo wake uwe juu yako, na hilo linaweza kuwa Minneapolis na linaweza kuwa Mombasa kwa pesa unayotuma na dawa unazofuatilia na simu unayopiga na safari unazokwenda, na mkono wa kakako anayempitia kila siku. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba kumtendea wema ni wajibu, kumtimizia mahitaji yake akiwa hana na wewe unaweza ni wajibu, lakini kumhamisha si wajibu. Akitaka mwenyewe na wewe una uwezo, hapo ni kheri kubwa sana, na mkae na kakako muelewane manake na yeye anaogopa kuukosa mlango wake wa pepo.

Angalia Nabii Yusuf (A.S), ni yeye aliyemhamisha mzee wake uzeeni, kutoka jangwani mpaka Misri, na akawaambia ingieni Misri inshallah mkiwa na amani. Ila rudi kwenye ile aya ya kanzu aliyomtumia babake, aya ya 93 ya sura yake, hakusema nileteeni baba peke yake, alisema nijieni na watu wenu wote. Mzee Yaqub hakufika Misri akakuta nyumba tupu, alifika na wanawe na wajukuu zake na lugha yake. Alafu kuna Uwais al-Qarani wa Yemen, katika Sahih Muslim, mtu aliyekuwa na mama akimtumikia, hakumuona Mtume kwa macho na bado Mtume alimsifu na akamwambia Umar akiweza amuombe Uwais amuombee maghfira. Mmoja alimleta mzee wake, mwengine alibaki na mama yake, na wote wawili wamesifiwa.

Nakwambia haya kwa sababu ya nilichokiona miaka niliyokuwa nikisalisha ughaibuni. Kulikuwa na mzee mmoja akija msikitini adhuhuri haondoki mpaka isha, mwanzo nikadhani ni ibada tu, kumbe kwa mwanawe hakuna mtu mchana kutwa, watoto skuli, mwana na mkewe kazini, hajui kizungu, hajui kupanda basi, na Januari nje ni barafu anaogopa kuteleza avunjike nyonga. Alikuwa akiniambia "mwanangu huku nala vizuri lakini sina wa kumuamkia." Lile neno sijalisahau. Mamako Old Town akitoka mlangoni ni hodi na shikamoo mpaka afike sokoni, ana darasa lake, ana shoga zake, ana maulidi yake. Huko Minneapolis dini yake haina wasiwasi, misikiti ipo mingi, na mwaka 2023 baraza la jiji la Minneapolis liliruhusu adhana zote tano kwa spika, alhamdulillahi. Lakini adhana peke yake haimtoshi mzee, anataka na watu. Na jiulize baina yako na Mola wako, je unamleta umtumikie au unamleta akulelee watoto? Akiwalea kwa kupenda ni baraka, lakini wako wanaowaita wazazi wao kwa jina la wema kisha wakawafanya mayaya wa bure, hilo ni dhulma, siwezi kulipamba.

Upande wa makaratasi, kwa kuwa ni raia na ushapita miaka 21 sheria ya Marekani inakuruhusu kumuombea mama ukaazi, wazazi wa raia hawawekwi kwenye foleni ya idadi maalumu ya kila mwaka. Lakini utatia saini fomu ya kumdhamini, kwa kawaida kipato chako kisipungue asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini, na dhamana hiyo haifi kwa sababu mmegombana au umebanwa, kimsingi inakwenda mpaka awe raia au itimie kama miaka 10 ya kazi au afariki au aondoke moja kwa moja. Mtume amesema mdhamini ni mlipaji, basi usisaini kama unasaini risiti. Na bima ya wazee ya serikali kwa mgeni ambaye hajafanya kazi huko anasubiri miaka 5 ya ukaazi, kwa hiyo sukari na presha piga hesabu yake kabla ya tiketi. Mjue pia akipata grini kadi, yaani kadi ya ukaazi, hawezi kukaa Mombasa zaidi ya mwaka bila kibali, anaweza kuipoteza, kama moyo wake ni wa kwenda na kurudi huenda viza ya matembezi ya halali ndio inayomfaa.

Narudia, ya halali. Huyo aliyekushauri akifika asirudi kakushauri vibaya. Viza ile anaombewa kwa ahadi kwamba atarudi, na Waislamu wanafungwa na masharti yao. Usimtie mama wa miaka 71, mtu wa tasbihi, akaseme uongo mbele ya dirisha la ubalozi kwa ajili yako.

Zaka hapana, haitolewi kwa mama kwa ajili ya matumizi ambayo wewe ndiye unayetakiwa kumpa. Toa kwenye mali yako nyengine. Na safari asifunge peke yake, mumeo ni mahram wake wa milele, mama wa mke ni haramu kumuoa daima kwa aya ya 23 ya Suratun Nisaa, basi akaja kumchukua yeye ni vizuri sana, na hapo utajua pia kama ameridhia kwa moyo kuishi naye.

Limebaki moja ambalo huenda mama analificha, wazee wengi wanaogopa kufia ugenini. Mwambie ipo hadithi kwa Nasai na Ibn Majah kwamba anayefia pasipo alipozaliwa hupimiwa peponi umbali wa kutoka alipozaliwa mpaka nyayo zake zilipoishia. Lakini akikwambia anataka kulala karibu na babako, usimjibu kwa hadithi, hayo ndiyo majibu yake. Mpigie bila kakako na bila watoto, umuulize kisha unyamaze, akisema lolote utakaloona mwambie mama leo nataka unaloliona wewe. Ukishapata jibu niandikie.

Wallahu aalam.