Betri ya gari lenye mzigo mkubwa wa umeme: kabla ya kununua N70, pima alteneta

Ukiingia duka la betri Kirinyaga Road na gari lina spika nyuma, jibu unalipata kabla hujamaliza salamu: "Madam, chukua N70, hutasumbuka tena." Hakuna anayeuliza gari linabeba nini, linaegeshwa wapi, au kama muziki unapigwa injini ikiwaka au imezimwa. N70 ni saizi kubwa ya betri, na kubwa ndiyo dawa, basi. Na kweli, mara nyingine ni dawa. Mara nyingi zaidi unalipa pesa nyingi, halafu baada ya muda unarudi kwa yule yule ukiomba jampa.

Mimi hukodisha vyombo vya muziki: ruracio (sherehe za mahari), mazishi, mikutano ya injili, siku za wazazi shuleni. Gari ni Noah iliyotoka Japani ikiwa na betri ya 55D23L. Nyuma kuna amplifaya, inveta ya laptopu na chaja za maikrofoni, taa za LED na friji ndogo ya maji ya kunywa. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya gari linalofanya kazi, ingawa mwenye Demio aliyefunga wufa na kamera ya dashibodi atajiona humu pia.

Swali la kwanza si ukubwa wa betri. Ni hili: umeme wako unaliwa wakati gani? Betri haizalishi umeme hata kidogo. Wenzangu wa mitaa ya maji ya mgao mtanielewa haraka: tangi la lita elfu tano juu ya nyumba haliongezi maji, linatunza tu yale yaliyoingia siku ya mgao. Anayeleta ni mfereji, na katika gari mfereji ni alteneta.

Chukua jioni ya mvua Mombasa Road, magari yamesimama. Taa kubwa mbili za wati 55 zinavuta ampia 9 hivi. Feni ya hewa ya ndani, ikiwa juu, ampia 10 hadi 15. Nyaya za kuondoa ukungu kioo cha nyuma zinavuta kiasi kama hicho. Waipa ampia kadhaa. Feni ya rejeta nayo 15 au zaidi inapoamka, halafu pampu ya mafuta, koili na kompyuta ya injini haziwezi kukosa chao. Tayari unakaribia ampia 60 na hujawasha muziki. Alteneta iliyoandikwa ampia 80 au 100 hutoa kiwango hicho injini ikizunguka kwa kasi; ikiwa moto na gari limesimama na injini inanguruma polepole, inaweza kutoa nusu tu. Pengo linajazwa na betri. Unafika nyumbani Donholm ukiwa umeendesha saa mbili, na betri ina chaji pungufu kuliko ulipotoka kazini.

Katika hali hiyo, kuweka N70 ni kuchelewesha tatizo. Betri kubwa itachukua muda mrefu zaidi kuisha, na muda mrefu zaidi kujazwa na alteneta ile ile iliyolemewa.

Kupima ni rahisi, na multimita ya bei nafuu inatosha. Gari likiwa limelala usiku kucha, pima kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 hadi 12.8 maana yake imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 imebaki kama robo. Kisha washa injini, uone inapanda hadi kati ya 13.8 na 14.7. Sasa ndipo penye kipimo chenyewe: acha injini ikinguruma, washa taa kubwa, feni, kioo cha nyuma na muziki, vyote kwa pamoja. Ikishuka chini ya 13, usinunue betri bado. Mwone fundi wa umeme aangalie mkanda, brashi za alteneta na nyaya, hasa waya wa ethi unaotoka injini kwenda bodi. Nimeona gari lililobadilishiwa betri mara mbili kumbe waya wa ethi umeoza kijani chini ya boliti. Kama vyote ni vizima na bado volti inashuka, unahitaji alteneta yenye ampia nyingi zaidi, na hiyo ni pesa itakayokufaa kuliko betri yoyote.

Sasa upande wa pili, ambao ndio wangu: umeme unaoliwa injini ikiwa imezimwa. Huwezi kuacha injini ya gari ikinguruma karibu na jeneza wakati mchungaji anaomba. Hapa ndipo betri yenyewe inakuwa na maana, na hapa ndipo watu husoma namba isiyowafaa.

Namba inayosifiwa sana dukani ni CCA. Hiyo ni idadi ya ampia ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. Nairobi mwezi wa Julai tunavaa sweta na kulalamika kwa nyuzi 10 au 11. CCA ya kutosha kuwasha injini yako utaipata karibu katika betri yoyote ya saizi sahihi. Tena betri iliyoundwa kutoa CCA kubwa huwa na sahani nyingi nyembamba ndani, na sahani nyembamba hazipendi kumalizwa chaji mara kwa mara.

Ulizia Ah na RC. Ah, yaani ampia-saa, hupimwa kwa saa 20: betri ya 60Ah inatoa ampia 3 kwa saa 20. Usidhani kwamba itatoa ampia 30 kwa saa mbili; ukivuta kwa nguvu, unapata kidogo kuliko hesabu ya kugawanya. RC ndiyo inayokaribia maisha yangu. Ni dakika ambazo betri iliyojaa hustahimili mzigo wa ampia 25 kabla ya kufika volti 10.5. Amplifaya yangu kwa sauti ya wastani, inveta na taa zikijumlishwa, nipo hapo hapo kwenye ampia 25. Betri ya 60Ah huwa na RC ya dakika 100 hivi. Lakini betri ya kawaida ya kuwashia gari ukiishusha kupita nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo kwangu mimi hizo dakika 100 ni 50. Ibada ya mazishi ya dakika 50 sijawahi kuiona.

Kwa aina, kuna betri za kawaida za asidi, ziwe za kuongezwa maji au zilizofungwa. Hizi ni za kuwashia injini. Zinatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha zinajazwa tena njiani. Kuna EFB, ambazo ni za asidi vile vile lakini zimeimarishwa kuvumilia kutumika na kujazwa mara nyingi. Halafu AGM, ambazo asidi yake imenywewa na vitambaa vya nyuzi za kioo kati ya sahani: hazimwagiki, hazisumbuliwi sana na mtetemeko, zinapokea chaji haraka na zinavumilia kushushwa chini zaidi. Bei yake inauma. Na zina adui mmoja, alteneta inayotoa volti kupita kiasi. AGM ikichemshwa na volti 15 maji yake yanapotea na hakuna mahali pa kuyarudishia, kwa hiyo usiinunue kabla ya kile kipimo nilichoeleza juu. Mwisho ziko za deep cycle zinazouzwa na watu wa sola. Sahani zake ni nene, zinapenda kutumika polepole. Usiweke moja ya hizo peke yake iwashe injini.

Mzigo wa injini ikiwaka, alteneta ikiwa nzima: EFB nzuri inatosha, AGM ikiwa mfuko unaruhusu. Mzigo wa nusu saa au zaidi kidogo injini ikiwa imezimwa: AGM. Zaidi ya hapo, acha kuitesa betri ya kuwashia gari; weka ya pili. Ndivyo nilivyo sasa. Ya mbele inawasha injini tu. Ya pili, AGM iliyofungwa vizuri kwa mikanda ya chuma, iko nyuma na inalisha muziki. Katikati kuna relei inayopima volti: ikifika 13.3 hivi, yaani alteneta inafanya kazi, inaziunganisha. Ikishuka hadi 12.8 hivi inazitenganisha. Muziki ukikatika, gari bado linawaka. Betri ya kuongezwa maji usiiweke kabisa ndani ya gari wanamokaa watu, inatoa haidrojeni inapochajiwa. Na fyuzi ziwe mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya unaoziunganisha una moto pande zote mbili. Kuhusu waya wenyewe, angalia ndani yake. Kuna nyaya nene za kuvutia ambazo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha.

Saizi nayo ina hila zake. Kwenye 55D23L, D ni kundi la upana na kimo, 23 ni urefu kwa sentimita, na 55 ni daraja la nguvu, wala si Ah. Ukiwa na nafasi kwenye trei unaweza kupanda daraja bila kubadilisha saizi, kwa mfano 75D23L, au ukasogea hadi D26. N70 ina urefu wa sentimita 30 hivi. Kwenye gari dogo italazimishwa kwa kamba ya mpira na kipande cha mbao, nimeiona kazi hiyo, na siku moja kwenye matuta kichwa chanya kitagusa boneti. Herufi ya mwisho huwachanganya hata wauzaji: ukisimama upande ambao vichwa vimekaa karibu nawe, L ina chanya mkono wa kulia, na R mkono wa kushoto. Ukikosea, waya hazitafika, na zikifika kwa kuvutwa ni hatari zaidi.

Magari mengi yanayotoka Japani siku hizi yanajizima kwenye taa za barabarani. Betri zake zimeandikwa M-42, N-55, Q-85 au S-95. Ukiweka ya kawaida gari litawaka vizuri tu, na muuzaji atakuambia hakuna tofauti. Tofauti utaiona baada ya miezi. Kwa wenye Aqua na Prius: ile betri ndogo ya volti 12 haizungushi injini, kazi hiyo ni ya betri kubwa ya haibridi, lakini bila ile ndogo gari haliamki. Kwa kuwa mara nyingi imewekwa ndani ya gari, inatakiwa iwe ya aina yenye mrija wa kutolea gesi nje. Usifunge wufa kubwa kwenye gari hilo ukitegemea betri ile.

Kama gari linalala tu na asubuhi halina nguvu, tafuta mwizi kwanza. Gari lililozimwa halipaswi kuvuta zaidi ya ampia 0.05 hivi. Kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa ovyo, kengele ya pili juu ya kengele ya kwanza, na kamera inayorekodi usiku kucha huongezeka. Kamera ya ampia 0.4 inakula karibu 10Ah kwa siku moja. Gari linalokaa nyumbani kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, fanya hesabu mwenyewe.

Dukani, iwe Kirinyaga Road, Industrial Area au kwa jirani wa petroli stesheni, omba betri ipimwe mbele yako kabla ya kufungwa. Chini ya volti 12.4 imekaa rafuni mno, na betri inayokaa bila chaji huota salfeti kwenye sahani, haitarudi kuwa mpya. Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Wenye kipimo cha mzigo wakitumie: nusu ya CCA kwa sekunde 15, na volti isishuke chini ya 9.6. Anayekataa kupima, mwache na betri yake. Kisha soma kadi ya dhamana pale pale ukiwa umesimama. Yangu ya zamani ilisema wazi kwamba betri iliyomalizwa chaji au iliyotumika kwenye gari la biashara hailipwi, na hilo nililijua kwa sababu nilisoma kabla ya kulipa, nikaomba bei ishuke.

Nunua pia chaja ya ukutani ya ampia 6 hadi 10, yenye sehemu ya kuchagua AGM kama ndiyo uliyonayo. Sehemu ya mwisho ya chaji huingia polepole, na safari ya kutoka Kikuyu hadi Umoja haiimalizi hata barabara ikiwa wazi. Mimi nikirudi kazini Jumamosi usiku naichomeka, Jumapili asubuhi imejaa.

Betri ya zamani ina thamani kwa ajili ya risasi iliyo ndani, kwa hiyo irudishe upunguziwe bei ya mpya badala ya kumpa mwenye mkokoteni. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi. Uliza bei ya kurudisha kabla ya kuuliza bei ya mpya. Wakishajua umeshaipenda ile mpya, ya zamani ghafla inakuwa haina uzito.