Sola nyumbani, ndege likizoni?

Dada, umeuliza kama kupanda ndege kuja Lamu Desemba kunafuta faida ya sola uliyofunga nyumbani Nairobi. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Umeme wa Kenya tayari unatokana zaidi na mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, maji na upepo wa Turkana, kwa hiyo paneli zako zinapunguza bili zaidi kuliko hewa ya ukaa. Ndege inachoma mafuta mwendo wote.

Panda treni hadi Mombasa. Ni ya dizeli, lakini mafuta yale yanabeba abiria wengi. Kisha basi kupitia Malindi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, na boti hadi Lamu. Inachosha, sikufichi, hasa na watoto. Laleni Malindi usiku mmoja.

Nyumba ya mawe yenye kuta nene haihitaji kiyoyozi, feni yatosha. Mkienda kisiwa jirani cha Manda, mwambie nahodha atweke tanga, asiwashe mashine. Hatakushangaa: watu wa hapa walipinga mpango wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 mpaka leseni ikafutwa 2019. Ila bei mpatane kabla hamjaondoka gatini.