Anajitupa sokoni, anazimia kwa kulia: maswali ya wazazi wa Kigoma

Binti yangu ana miaka 2 na nusu. Tukiwa soko la Mwanga, nikimnyima pipi anajitupa chini na kugaragara. Nikikataa, bibi yake anampa. (Mama, Ujiji)

Vilio vya namna hii hushamiri kati ya miezi 18 na miaka 3, na wengi huviacha wakikaribia miaka 4. Anataka mengi kuliko maneno aliyonayo, na kujizuia bado hajui. Usimhesabie utovu wa adabu.

Kinachovirefusha ni pipi inayokuja baada ya kilio. Ikija hata siku 1 kati ya 5, mtoto ameshajua kwamba kulia kunalipa, ila kunahitaji uvumilivu. Ndiyo maana kukubali mara mojamoja huifanya tabia iwe ngumu kuing'oa.

Mwende sokoni akiwa ameshiba na amelala mchana. Kabla ya kutoka, mwambie: "Leo tunanunua dagaa na nyanya, pipi hakuna." Mpe kazi, abebe limau. Akijitupa, msogeze pembeni pasipo bodaboda, chuchumaa karibu naye, unyamaze. Usimchape wala usimhubirie. Anayelia hivyo hasikii maneno. Akitulia mpakate, umwambie, "Ulitaka pipi, ukakasirika," kisha mwendelee na manunuzi. Siku chache za mwanzo atalia kuliko zamani. Hapo wazazi wengi hulegea, na mtoto hujifunza kulia zaidi.

Kuhusu bibi, usimkatalie mbele ya mtoto. Mfuate jioni mkiwa wawili: "Mama, naomba pipi umpe baada ya chakula, au akiomba vizuri, asiipate akiwa analia." Haki ya kudekeza mjukuu inabaki kwake, kinachobadilika ni saa ya kutoa. Ushauri mwingi wa Ulaya na Marekani huwazia nyumba ya wazazi na watoto tu, na humwambia mama ampeleke mtoto chumbani kwake atulie. Nyumba nyingi za Ujiji hazina chumba cha mtoto peke yake. Akifika miaka 3, jamvi mbali kidogo na jiko, mahali anapokuona, latosha: dakika 1 kwa kila mwaka wa umri wake, basi.

Mwanangu wa mwaka 1 na miezi 4 akinyang'anywa kitu analia mpaka sauti inakatika, midomo inakuwa ya bluu, analegea. Majirani wanasema degedege. (Mama, Kasulu)

Angalia mpangilio. Kama kila mara kilio au mshtuko hutangulia, kisha pumzi inakata, kisha analegea na kuzinduka kabla ya dakika 1, huko ni kubana pumzi kwa kulia. Hakufanyi makusudi. Huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 6, na kwa kawaida hakudhuru ubongo.

Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, subiri. Pumzi itarudi yenyewe. Usimtikise, usimmwagie maji, usimtie kijiko kinywani.

Hata hivyo mpeleke zahanati apimwe wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huongeza hali hii, na ukitibiwa mara nyingi hupungua. Nyumbani mpe maini, dagaa waliosagwa na maharage, pamoja na chungwa au embe. Chai ya rangi usimpe na chakula: huzuia chuma kuingia mwilini, na watoto wengi hapa huanza siku kwa chai. Akizimia bila kulia kwanza, akiwa na homa, au ikipita dakika 1, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Usianze kumpa kila kitu kwa kuogopa asizimie. Atalitambua haraka.

Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Siku za mbalamwezi anapokaa nyumbani, mtoto wetu wa miaka 3 anamkataa, anampiga, anamwambia arudi ziwani. (Mama, Kibirizi)

Taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa, hivyo baba hutokea nyumbani kwa siku kadhaa, kisha anatoweka tena usiku. Kwa mtoto wa miaka 3 huyo ni mgeni anayekuja kuamrisha.

Siku 2 za kwanza baba asikemee madogo. Acheze naye dakika 15 kila siku, mtoto ndiye aongoze mchezo. Apewe kazi moja ya kudumu, kama kumwogesha. Mkono ukirushwa, aushike kwa upole: "Hatupigi," basi. Na wewe mama, acha kabisa "ngoja baba yako arudi." Ukimtumia kama fimbo mwezi mzima, utashangaaje mtoto akimkimbia?

Mtoto aliyetoka kwenye familia ya Kirundi haniangalii usoni nikimsemesha, na hasemi darasani. Ni kiburi? (Mwalimu wa chekechea, Kibondo)

Kwa familia nyingi za Waha na Warundi, mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anaonyesha heshima. Mwalimu akilazimisha "niangalie," anamwagiza avunje alichofundishwa nyumbani. Kunyamaza pia ni kawaida wiki nyingi za mwanzo wa lugha mpya. Msomeshe kwa vitendo na nyimbo. Lugha mbili hazichelewishi usemi. Cha kumuuliza mzazi ni kama anaongea Kirundi vizuri nyumbani. Kama hata huko hasemi, au haitikii akiitwa kutoka nyuma, apimwe masikio.

Wa miaka 4 bado anakojoa kitandani. Tumchape?

Hapana. Kabla ya miaka 5 si ugonjwa. Akojoe kabla ya kulala, mtandikie nailoni chini ya shuka. Lakini kama alishakauka miezi 6 ndipo akaanza upya, na anakunywa maji kupita kiasi au anasikia maumivu akikojoa, apimwe mkojo na sukari upesi.